Mashine ya Nyumba Mbili

Jumanne, 1 Julai

Kutu tena. Tangu baada ya alfajiri nasugua meza ya mashine kwa msasa na mafuta ya taa. Upande wa kushoto umeanza kung'aa. Wa kulia bado una rangi ya chai. Vidole vimechubuka, kucha sina. Haidhuru, mjane kucha za nini.

Siku ya sabini na tano ya eda, kama sijakosea kuhesabu. Sitoki getini mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Sijipambi, sijipaki manukato, sionani na wanaume wa watu. Lakini uani ni kwangu, na mashine iko uani, chini ya banda la bati. Sijasikia shehe aliyesema mjane asisugue kutu.

Mashine ni ya marehemu mume wangu Salumu, seremala wa hapa Manzese. Aliinunua kwenye karakana ya misheni moja huko kusini. Ya zamani kuliko mie, chuma kitupu, ina maandishi ya Kizungu ambacho hata wasomi wa mtaani wameshindwa kukisoma. Kazi tano inafanya yenyewe: inapiga randa, inachana mbao, inatoboa, inachimba matundu ya kuungia, inatoa urembo wa pembeni. Imelala chini ya turubai miaka sita. Siku ilipokula vidole viwili vya Hamisi, mdogo wake Salumu, ndiyo siku ya mwisho kuwaka. Toka hapo marehemu mbao zake alikuwa anazipeleka kwa wenye mashine barabarani, anarudi nazo kanuna.

Siku ya arobaini wanaume walikaa barazani. Nimesikia dirishani. Hamisi ndiye msimamizi wa mirathi. Kasema nikitoka eda tu, mashine inakwenda kwa watu wa chuma chakavu. Hakuna aliyebisha. Mie sina mtoto wa kunisemea. Nina miaka ishirini na mbili ya kupiga msasa na vanishi kwenye banda hili. Mashine ikiondoka banda limekufa, na mie kazi nyingine siijui, wala siitaki. Kwa hiyo iwake kabla sijatoka. Basi.

Leo Jumanne, siku ya Kibamba. Miaka tisa kila Jumanne Salumu alikuwa kwa mke mdogo, nami napika chakula cha mtu mmoja. Mume kafa, Jumanne haijafa.

Ijumaa, 4 Julai

Bi Tatu kanigombeza. Huyu ni shangazi yake Salumu, ndiye anayenikalia eda. Jumanne tu anakwenda Kibamba kumwangalia Rukia, mke mdogo, maana naye yuko eda kama mie. Leo kanikuta nimejilaza chini ya mashine, kanga imejaa grisi, nafungua nati. Kapiga yowe. Eti watu watasema mume hata kaburi halijakauka, mke anacheza na vyuma. Nikamwambia shangazi, Salumu na chuma hiki walikuwa pamoja kabla yangu, mie ndiye mgeni hapa. Akasema na hiyo grisi inanukia, mjane hapaki vya kunukia. Nikamsogezea mkono puani. Kanusa. Kakunja uso. Kacheka mpaka kakaa chini.

Tangu hapo yuko upande wangu, ila hasemi.

Nimeikagua yote. Beringi mbili zimekwisha. Mota inataka kusukwa upya nyaya za ndani. Hayo yanapatikana. Visivyopatikana ni viwili. Kwanza visu vya randa pamoja na kabari zake, vipande vitatu vya chuma vinavyobana visu visiruke. Pili kiegemeo, lile bamba refu la chuma ambalo ubao unaliegemea ukipita kwenye msumeno. Bila kabari mashine haifanyi kazi. Bila kiegemeo inafanya, halafu inakula watu. Hamisi vidole vyake vilikwenda hivyo, alikuwa na haraka, hakukifunga.

Salumu alivitoa mwenyewe baada ya ajali. Aliviweka wapi hakusema. Nami sikuuliza, nilikuwa na hasira zangu nyingine. Kifo chake kilikuja kwa ghafla. Asubuhi yupo, adhuhuri hayupo. Nani angepata nafasi ya kuuliza habari za kabari?

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Watu wamekwenda kwenye maonyesho. Mie nimeonyeshwa dharau hapahapa nyumbani.

Nimepiga picha pale visu vinapokaa, nimetuma kwenye maduka matatu ya vipuri mtaa wa Gerezani. La kwanza wamenitumia vikatuni vya kucheka. La pili kaniambia, "Mama, hiyo peleka makumbusho." La tatu mzee mmoja kapiga simu mwenyewe, Mungu ampe. Kasema kabari za hivyo mara ya mwisho kuziona alikuwa kijana. Hazitengenezwi tena. Labda mashine nyingine ya aina hii ife mahali, nami nirithi.

Beringi zina namba, mafuta ya taa yameifichua. Bi Tatu kazifuata. Moja imeingia vizuri. Nyingine kubwa. Karudi tena mjini kubadilisha, kwa miguu yake ile inayovimba, wala hakunung'unika. Nampenda Bi Tatu.

Alhamisi, 10 Julai

Kumbe.

Tunamenya mihogo, Bi Tatu karopoka. Eti hivi vyuma unavyohangaika navyo, si vile vya kwenye mfuko chini ya kitanda cha Rukia? Kisu kimenidondoka. Miaka sita vimelala Kibamba. Chini ya kitanda!

Niandike ukweli, daftari halina mdomo. Rukia simpendi. Miaka tisa tunasalimiana misibani tu, tena kwa ncha za vidole. Hajawahi kunitukana. Ningefurahi angenitukana, ningepata pa kushika. Ana watoto wawili, ana sauti ya taratibu, na kila niliyemlilia habari zake aliniambia mwenzio hana neno na mtu. Ndiyo kinachoniudhi. Sasa na vyuma anavyo.

Sitaomba. Mie mkubwa, siombi.

Jumatano, 16 Julai

Nimeomba. Jana Bi Tatu kaenda na maneno yangu manne tu: avitoe vyuma vya marehemu. Sikuongeza salamu.

Karudi na kikapu. Juu ndizi mbichi, chini mfuko wa unga. Ndani ya mfuko visu vitatu na kabari tatu, vimefungwa kila kimoja na kitambaa chake, vimepakwa mafuta, havina hata doa la kutu. Na karatasi ya daftari la shule, mwandiko wa duara, wa Rukia. Kaandika kila kitu. Kabari yenye nukta moja inakaa karibu na puli, lile gurudumu la mkanda. Ya nukta mbili katikati, ya nukta tatu mwisho. Usikaze moja ukaimaliza, kaza kidogo kidogo zote. Kisu kikiwa kipya usikishike kwa kidole, kishike kwa kitambaa.

Nimeisoma mara nne. Halafu nimelia. Si kwa ajili ya Salumu, kwa wivu. Mie mwaka hadi mwaka nimekaa hatua kumi kutoka kwenye mashine hii. Aliniambia nini? "Mwantumu, funga dirisha, vumbi linaingia." Yule wa Kibamba, ambaye mashine hajawahi hata kuiona ikiwaka, kaambiwa mpaka nukta.

Ndizi nimempa jirani. Baadaye nikajuta, zilikuwa nzuri.

Jumamosi, 19 Julai

Nimempigia. Ilibidi. Karatasi inasema visu "vipimwe kwa fimbo" na mie fimbo siijui.

Kapokea upesi. "Shikamoo dada." Nikasema marahaba haraka haraka. Nikasikia kuku wa kwake. Nikauliza fimbo ni nini. Akanieleza bila kujidai, polepole. Unaweka kijiti kilichonyooka juu ya meza, kinatokeza pale visu vinapopita. Unazungusha kwa mkono. Kisu kikikigusa kinakisogeza kidogo. Kila kisu lazima kikisogeze sawa na mwenzake, nusu punje ya mchele. Kikisogeza zaidi, kiko juu. Kisiposogeza, kiko chini.

Nikauliza, wewe umeyajuaje yote haya? Akasema kila Jumanne, wakishakula, Salumu alikuwa anautoa mfuko, anavifungua, anavipaka mafuta, anamwelezea. Miaka sita. Akasema, "Kwako ilikuwepo, dada. Kwangu alikuwa anaikumbuka."

Nikauliza kiegemeo. Akasema hicho hana, marehemu alimwambia kipo kwa mkubwa. Nikamwambia kwangu hakipo, nyumba hii naijua mpaka panya wake. Akasema labda. Hiyo "labda" yake imenikera mpaka sasa hivi.

Alhamisi, 24 Julai

Siku ya tatu na kijiti. Kisu cha kwanza kinakisogeza nusu punje, cha pili kinakirusha, cha tatu hakikigusi. Nagonga cha pili kishuke, cha kwanza nacho kinapanda. Nakaza, nalegeza. Mgongo unaniuma. Nimekichukia kijiti, nimewachukia waliobuni randa, nimemchukia Salumu kwa kufa.

Kabla ya adhuhuri vyote vitatu vimesogeza sawa. Nikarudia mara tano, siamini. Sawa. Nikaenda kumwambia Bi Tatu. Kasema alhamdulillahi, hata hajui ni kitu gani. Nikampigia Rukia. Kashangilia kwenye simu kwa sauti, yeye wa sauti ya taratibu. Kasema Salumu mwenyewe vilikuwa vikimchukua siku nne.

Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jumamosi, 2 Agosti

Mota imesukwa, imerudi. Joni fundi umeme kaja kuifunga. Mie niko ndani nyuma ya pazia, nampa maelekezo dirishani, yeye yuko uani anajibu "ndiyo mama" bila kumwona anayemwamrisha. Bi Tatu kakaa katikati kwenye kigoda. Mahakama kabisa.

Kawasha. Mtume! Ile sauti. Vyombo kabatini vimetetemeka, kuku wa jirani wametawanyika. Nikasahau eda, nikachungulia. Roli yenye visu inazunguka, lakini inazunguka kinyumenyume, visu vimetangulia migongo. Nikapiga kelele azime. Joni kasema mota hii ya zamani, ilikuwa ya mashine ya kusaga nafaka, nyaya zake hazigeuziki mpaka ifunguliwe tena. Wiki nyingine mbili huko.

Nikampigia Rukia huku Joni anangoja. Kauliza, mkanda mmeuvishaje? Nikasema umenyooka. Kasema, ukunjwe mara moja katikati, upishane. Salumu alimfundisha kwa mkanda wa suruali na miguu miwili ya kiti. Joni kaguna, kaukunja, kawasha.

Imezunguka sawa. Nimelia nyuma ya pazia mpaka Bi Tatu kaja kunishika. Majirani wamejaa getini. Kuna aliyesema fundi Salumu kafufuka.

Jumanne, 5 Agosti

Habari imemfikia Hamisi. Kaja, kakaa kwenye ngazi, mie ndani, pazia katikati. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yangu nimeyapanga tangu Jumapili. Hayakupata kazi. Hakuja na ugomvi.

Kasema, "Shemeji, mie sitaki kuja kukuokota vipande." Kasema kila akisikia msumeno popote mjini, vile vidole visivyokuwepo vinamuuma. Kasema kaka yake hakumtazama usoni kwa mwaka mzima baada ya ile siku. Si kwa hasira, kwa aibu. Sikuwa nalijua hilo. Nimeishi nao wote wawili, sikujua.

Nikamwambia yaliyompata yalitokana na kukosekana kiegemeo. Kisha kasema haya. Kiegemeo kikipatikana, kikafungwa, akakiona kwa macho yake, mashine itabaki na atakayebisha atabishana na yeye. Kisipopatikana mpaka siku ya kutoka eda, inapakiwa asubuhi yake. Na nisije nikaichanisha hata kijiti kabla ya hapo.

Ni haki. Sina cha kumlaumu. Siku kumi na nane.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakipatikani. Fundi wa kuchomelea kasema atanitengenezea cha bamba, kakitengeneza, kimepinda kwa moto. Ukiweka ubao unakwenda mshazari. Fundi wa kukereza kasema kile cha asili ni chuma cha kumimina, kinyooke hivyo mpaka kiwandani. Mzee wa Gerezani kanitumia cha mashine nyingine. Matundu hayaoani na yangu, hata moja.

Nyumba nimeipindua. Darini, stoo, nyuma ya choo, chini ya mbao za zamani. Nimekuta spana nne, viatu vyake vya harusi yetu, na barua niliyomwandikia kabla hajanioa. Kiegemeo hakuna.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya kitu kibaya.

Asubuhi niliamka na wazo kichwani. Kama kwangu hakipo, na Salumu kuhusu mashine hakuwa mwongo, basi Rukia kakiuza. Chuma kizito kile, watoto wa shule, dhiki ya msiba. Wazo likakaa, likanoga, mpaka saa nne likawa kweli. Nikamrekodia sauti kwenye simu. Nimesema umekiuza kiegemeo cha mume wangu. Nimesema mume wangu, sikusema mume wetu. Nimesema na mengine, siyaandiki hapa. Nikatuma.

Ameisikiliza, simu imeonyesha. Hajajibu.

Jumatano, 13 Agosti

Bi Tatu karudi kutoka Kibamba, haniongeleshi. Kanipa chai kwa kuisukuma. Mpaka mchana ndiyo kasema. Kasema Rukia hakulia mbele yake wala hakunisema. Kachukua jembe. Kachimba sakafu ya udongo ya stoo yao yote, kachimba nyuma ya banda la kuku, kavua mpaka matofali ya jiko. Viganja vimetoka malengelenge. Kasema labda marehemu alikificha pale bila kumwambia, dada asije akapata tabu.

"Na wewe Mwantumu," Bi Tatu kasema, "ulimi wako huo, Mungu akuhurumie."

Nilitakiwa kumpigia palepale. Sikumpigia. Bado moyoni kuna sauti inasema mwizi huchimba ili aonekane anatafuta. Naijua hiyo sauti. Ni yangu ya miaka tisa. Najichukia lakini naisikiliza.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeirudishia turubai. Nimefunga kamba pembe nne. Hamisi katuma ujumbe, watu wa chuma chakavu wako tayari kwa Jumapili asubuhi, ila yeye bado anangoja neno langu. Sina neno.

Leo sijala vizuri. Naona aibu na sijui nimwonee nani kwanza.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbovu.

Wanawake wa mtaani wamekuja kusaidia usafi, maana keshokutwa natolewa eda. Wamepiga maji ukumbini, wakaingia bafuni. Wakalisogeza pipa la maji. Nikasikia mmoja anauliza, hili jiwe la bluu litolewe au libaki?

Si jiwe.

Nimekwenda nimeliona. Bamba refu, limepakwa rangi ya mafuta ya bluu, ileile ya mlango wa bafu. Nikakwaruza kwa ufunguo. Chuma. Nikaligeuza kwa shida, chini nikakuta matundu mawili na mfereji wake. Kiegemeo.

Halafu nikakumbuka. Nikakaa kwenye maji na nguo zangu. Mwaka ule wa ajali nililalamika pipa linaoza kitako kwa maji ya sakafuni. Nililalamika wiki nzima, mie nikishika jambo silitui. Jioni moja Salumu akasema nimekuwekea kitu, pipa lako halitaoza tena. Nikamshukuru! Nikasema mume wangu leo umenijali. Miaka sita nachota maji juu yake. Eda yote hii nimetawadha mara tano kwa siku nimesimama pembeni yake, natoka hapo nakwenda kumdhania mwenzangu mwizi.

Alimwambia kweli. Kipo kwa mkubwa. Na alikipaka rangi ili kisipate kutu. Sikuwahi kuuliza kwa nini jiwe lipakwe rangi. Bi Tatu kaniinua, kanibadilisha nguo, hakusema hata neno moja, na kwa Bi Tatu hiyo ni sadaka.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimempigia Rukia asubuhi kabla sijapoteza ujasiri. "Shikamoo dada." Bado ananipa shikamoo! Nikamwambia usiniamkie, nisikilize. Nikasema kipo. Nikasema kilikuwa chini ya pipa langu la kuogea. Nikasema nimekukosea, nimekusingizia, nimekusema vibaya, nisamehe, na viganja vyako vinisamehe. Yote kwa pumzi moja.

Nikasikia kuku wake tu.

Kisha nikasikia kitu, nikadhani analia. Anacheka. "Chini ya pipa! Salumu huyo!" Kacheka mpaka nami nimeshikwa, wajane wawili ndani ya eda tunacheka kwenye simu mpaka mbavu zinauma. Halafu kalia kweli. Nami nikalia. Kasema, dada, yale maneno yaliniuma sana, nisikufiche. Nikasema najua. Kasema basi yamekwisha. Sijui kama mie ningeweza kuyamaliza upesi hivyo.

Nikamwuliza kiegemeo kinafungwaje kiwe sawasawa na msumeno. Akaanza kunieleza, nikamkatiza. Nikasema usinieleze. Kesho tunatoka wote. Jumapili njoo.

Jumapili, 24 Agosti

Jana wamenitoa eda. Nimeogeshwa, nimeombewa dua, nguo za eda nimezigawa. Nilisimama nje ya geti kidogo. Mwanga mkali, watu wengi. Nikarudi ndani.

Leo kaja. Kavaa dera la kijani, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Viganja bado vina alama. Kasimama mbele ya mashine, mkono juu ya meza. Mie nikajitia kutafuta spana.

Tumekifunga pamoja. Rangi ya bluu tumeitoa upande wa kuegemea tu, kwingine tumeiacha. Yeye anapima kwa pembetatu ya shule ya mwanawe, mie nakaza. Hamisi kasimama mlangoni, mkono mfukoni. Rukia kamwita, shemeji njoo ukague. Kaja. Kakisukuma kiegemeo kwa nguvu zake zote, kakitikisa. Hakikutikisika. Kauweka ule mkono wake wenye vidole vitatu juu yake, kauacha hapo.

Nikawasha. Nikapitisha ubao wa mninga kwenye msumeno, Rukia kaupokea upande wa pili. Umekatika umenyooka. Hamisi kauokota, kautazama, kasema atawapigia wale watu wasije. Akaenda nje kupiga simu, akakaa huko muda mrefu.

Rukia alipotaka kuondoka nikazima, nikafungua visu na kabari. Nikavifunga kila kimoja na kitambaa chake, nikamtilia kwenye ule mfuko wa unga arudi navyo Kibamba. Kashangaa. Nikamwambia mie ni mtu wa haraka na hasira, mashine isiwashwe nikiwa peke yangu. Kiegemeo kitakaa kwangu, kabari zitakaa kwako. Bila wewe haiwaki, bila mie haiwaki. Kauliza aje lini. Nikasema Jumanne na Ijumaa, tuanze na hizo.

Bi Tatu naye kafunga mizigo, karudi kwake. Nyumba kimya. Nimefagia vumbi la mbao, kidogo nimeliacha kwenye pembe.

Mchele nimeuchambua kabisa, wa keshokutwa. Nimepima wa watu wawili.